Chang'aa ya Kibera na Mwenye Kula Kodi Yake

 

Ndugu zetu Waislamu, sisi watu wa miji ya pwani tuna mazoea, likitajwa jina la Kibera au la Kawangware, kutikisa vichwa na kusema kuwa huko bara ndiko kwenye pombe, kana kwamba ulevi ni maradhi ya watu wengine na sisi tumekingwa nayo. Na vijana wetu wangapi waliokwenda Nairobi kutafuta riziki wamepanga vyumba katika mitaa hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo yenye kodi wanayoiweza? Twaona kwanza yapasa khabari ya Kibera isemwe ilivyo.

Kibera, au Kibra, maana yake msitu kwa lugha ya Kinubi. Ndipo walipokaa askari wa Kinubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Walikuwa Waislamu, wakajenga misikiti, wakasomesha watoto wao. Na katika majumba ya mtaa huo huo wa Waislamu ilipikwa, kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza, pombe kali iliyojulikana Nairobi nzima kwa jina la jini ya Kinubi (jini wa chupa, si yule mwingine, ijapokuwa kazi zao zakaribiana). Ndiyo ambayo leo yaitwa chang'aa. Uganda huitwa waragi, neno lililotokana na araki ya Waarabu. Basi tazameni: hata jina limetoka kwetu.

Hatusemi haya kuwaaibisha Wanubi. Wengi wao hawakunywa wala hawakupika, na watu wale waliitumikia Serikali kwa silaha, kisha wakakaa juu ya ardhi ile zaidi ya miaka mia bila ya hati, hata mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya eka 288. Mwanamke asiyekuwa na njia nyingine ya kipato aliona mtungi wamlisha yeye na wanawe. Na Serikali yenyewe ya kikoloni, iliyowakataza Waafrika pombe kali, ilifungua klabu yake ya pombe Pumwani katika miaka ya 1920, ikachuma faida yake. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake, na kila udhuru ulikuwa ni pesa.

Ndiyo maana Qur'ani haikukana kuwa pombe ina manufaa. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 219, Mola wetu ameyakiri manufaa hayo, kisha akatujulisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Baadaye, katika Sura ya an-Nisaa, aya ya 43, watu wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa. Na mwisho, katika Sura ya al-Maida, aya ya 90 na 91, ikakatazwa kabisa, pamoja na kutajwa sababu: uadui na chuki baina ya watu, na kusahauliwa Mungu na sala. Mwenye kutaka kuiona tafsiri ya aya hizo kwa macho yake na asimame usiku katika vichochoro vya Kawangware siku vibarua walipolipwa. Mtu ametoka asubuhi kwenda kujenga au kufyeka majani katika majumba ya Lavington, jirani tu na hapo. Jioni ana ujira wa siku mkononi, na baina ya kazi na nyumbani kuna mlango wa mama pima. Anayeingia hapo akiwa mpole hutoka akitafuta wa kupigana naye, naye mara nyingi humpata nyumbani kwake, ni mkewe.

Tukija kwenye mwili, waganga wamelipambanua jambo hili wazi. Pombe huanza na akili, mahali pa hukumu na haya; kisha ulimi, kisha miguu, na ikizidi sana huzuia pumzi, mtu akafa usingizini. Kwa mwenye kudumu nayo, ini huingia mafuta, likavimba, mwisho likawa makovu matupu. Shinikizo la damu hupanda. Kinga ya mwili hudhoofu, na kifua kikuu kikapata njia katika chumba kimoja walimolala watu sita. Mtoto aliye tumboni hunywa anachokunywa mamaye. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa ulimwengu wa saratani wameihisabu pombe katika mambo yanayoleta saratani bila ya shaka, na Januari 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza kuwa hakuna kiasi cha pombe kisicho na khatari. Kwa hisabu ya shirika hilo, mwaka 2019 peke yake pombe iliua watu milioni 2.6. Mtume wetu (s.a.w.) aliulizwa na mtu aliyeitengeneza kwa ajili ya dawa, akamjibu kuwa si dawa, bali ni maradhi. Waganga wamekuja polepole, lakini wamefika.

Na chang'aa ina khatari nyingine juu ya hiyo. Kupikwa kwake ni kuchemsha busaa ya mahindi na wimbi, ukaushika mvuke na kuupoza. Lakini mwenye tamaa haridhiki na moto wa kuni. Huchanganya methanoli, spiriti ya viwandani, ili kali izidi na gharama ipungue. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoua mshipa wa macho. Dalili hukawia, pengine siku nzima. Mtu hulala akidhani amelewa tu, akaamka hauoni mwanga, au asiamke. Novemba 2000 walikufa Nairobi watu zaidi ya mia kwa pombe kama hiyo, ya aina iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi yake ilikuwa shilingi 10, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 ikawa Machakos; 2014 Embu, Kiambu na kwengineko; Februari 2024 Kirinyaga. Sheria ya 1980 iliipiga marufuku chang'aa, ya 2010 ikairuhusu kwa leseni na chupa. Mitungi haikujali sheria ya kwanza wala ya pili, kwa sababu mwenye mtungi ana mwenye nyumba, na mwenye nyumba anataka kodi.

Hapa ndipo tulipokusudia kufika. Wakaao Kibera wengi ni wapangaji, na wenye vyumba wengi hawakai huko. Yule apokeaye kodi ya chumba cha pombe huenda akawa hajapata kuionja maisha yake. Lakini katika hadithi mashuhuri Mtume (s.a.w.) hakumtaja mnywaji peke yake katika laana ya pombe, aliwataja watu kumi, mkamuaji na mchukuzi, mwuzaji na mnunuzi, na yule alaye thamani yake. Na katika madhehebu yetu ya Shafii haisihi kukodisha nyumba kwa ajili ya jambo la haramu. Je, Mombasa, Malindi na Lamu hakuna Mwislamu aliyempangisha mwuza mnazi chumba cha nyuma, akajifanya hajui? Hakuna mwenye shamba akodishaye minazi yake kwa wagema, na Ijumaa akawa safu ya mbele? Mtu huyo kumcheka mlevi wa Kibera ni ajabu kubwa.

Ama mlevi mwenyewe, Bukhari amepokea khabari ya mtu aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara nyingi kwa kunywa, hata mmoja katika watu akamlaani, Mtume akamkataza, akasema kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Basi kijana wetu akirudi kutoka Nairobi na mikono yatetemeka, wazee wake wasimfungie chumbani aache kwa nguvu siku moja. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla huweza kuingia kifafa na weweseko, na watu hufa kwa hayo. Apelekwe hospitali, aache mbele ya mganga. Kwa walioko Nairobi iko Mathari. Na aliyekunywa kisha akalalamika macho, akimbizwe Kenyatta usiku ule ule, asingoje asubuhi.

Wa billahi tawfiq.