Ushuhuda wa Mzazi na Hesabu ya Wengi

Mama akisema, "Mwanangu alichanjwa, na juma lile lile akaacha kusema," je, tumwite mwongo? Hasha. Aliyoyaona ameyaona, tena hakuna amjuaye mtoto kama mamaye. Lakini, ndugu wasomaji, katika neno lake mna mambo mawili. Moja aliliona, yaani mtoto kunyamaza. La pili alilidhani, yaani kwamba chanjo ndiyo iliyomnyamazisha. Hilo la pili mtu mmoja hawezi kuliona kwa macho yake, hata akiwa mwerevu namna gani.

Maana dalili za usonji mara nyingi hutambulikana katika mwaka wa pili wa mtoto, na chanjo ya surua nayo hutolewa karibu na umri huo. Basi penye watoto maelfu, hapana budi wengine watanyamaza baada ya kuchanjwa, hata kama chanjo haikuwadhuru. Na mtoto aliyeepushwa na surua, nani asimulia habari zake? Hakuna, kwa kuwa hakupatwa na neno.

Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake huko Uingereza waliandika habari za watoto 12 katika gazeti la madaktari, The Lancet, na hofu ikaenea mbali. Gazeti lile lilifuta makala hayo mwaka 2010. Huko Denmark wataalamu waliwafuatia watoto 657,461, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakatangaza mwaka 2019 kwamba usonji haukuzidi kwa waliochanjwa. Twauliza: watoto 12 wawezaje kushinda hesabu hiyo? Hushinda kwa sababu wana nyuso, na hesabu haina uso.

Wengine husema kwamba basi ushuhuda wa mzazi ni bure. Nao twawakataa. Mwaka 1999 huko Marekani zilipokelewa habari za watoto wachanga walionyweshwa chanjo mpya ya kuhara kwa virusi vya rota, kisha utumbo wao ukajiingiza ndani yake wenyewe na kuziba. Walikuwa 15 tu. Wakuu wa afya hawakusema, "Ni bahati mbaya". Mwezi wa Julai walisimamisha chanjo, wakalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, wakaona madhara ni ya kweli, kama mtoto mmoja katika 10,000. Mwezi wa Oktoba chanjo hiyo iliondolewa. Wale 15 wasingalihesabiwa kamwe, kama waliozipokea habari zao wangaliziona kuwa ni upuuzi wa wazazi.