Nani Muuaji? Juu ya Kuahirisha Riwaya ya Upelelezi



Wazee wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayeahirisha kazi hukimbilia ile ya kwanza. Anayemlaumu hushika ile ya pili. Leo tuzipime kwa kazi moja ambayo baadhi ya wenzetu huku ughaibuni wameianza: kuandika riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili.

Swali ni hili. Mtu anajua kuwa jambo ni jema, analiweza, na hakuna anayemzuia. Kwa nini halifanyi? Socrates alishikilia kuwa hakuna atendaye lililo duni huku akilijua lililo bora. Kwa hiyo mwenye kuahirisha ana upungufu wa kujua. Aristotle hakukubali: alisema watu hujua vizuri, ila hushindwa na nafsi zao. Mimi ni mhandisi, si mwanafalsafa, lakini kwa mwandishi wa riwaya ya aina hii naona sababu ya tatu.

Kwanza tuondoe zile sababu tunazozitaja kila siku. Twasema hakuna wakati. Hapa Golden Valley mwezi wa Desemba jua huzama kama saa kumi na nusu jioni, mtu ametoka kubeba maboksi, na theluji inamngoja mlangoni aikoroge kwa koleo. Ni kweli. Lakini Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar naye alikuwa mtu wa kazi. Riwaya yake ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa 1960. Tangu 1958 mpaka alipostaafu 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Twasema pia umri umepita. Raymond Chandler alipoteza kazi katika kampuni ya mafuta mwaka 1932, na riwaya yake ya kwanza, The Big Sleep, ilitoka 1939 akiwa na miaka 50.

Rafiki yetu mmoja wa hapa Minnesota alifariki akaacha sura kumi na moja, zimeandikwa kwa mkono, safi kabisa. Mjane wake alinipa nizisome. Niliporudisha daftari aliniuliza swali moja tu: "Shemeji, kwani muuaji alikuwa nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezisoma mara mbili, nikipima kila dalili kama ninavyopima hesabu za kazini. Watu watatu walikuwa na sababu ya kuua, na wote watatu walilingana. Marehemu alikuwa amewapenda wote. Hakuna aliyemtia hatiani.

Hapo ndipo ilipo sababu ya tatu. Riwaya ya upelelezi inamdai mwandishi hukumu. Katika hadithi nyingine unaweza kumwacha msomaji njia panda. Hapa lazima utaje jina moja, na ukilitaja, yale mengine yote yaliyowezekana yanakufa. Maadamu hujataja, kitabu chako ni bora kuliko vyote. Ni kama nyumba tunayosema tutaijenga nyumbani mwakani: ambayo haijajengwa haina ufa. Kwa hiyo mwenye kuahirisha anajua lililo jema, na wala si mvivu, maana utamkuta amefuta sura ya kwanza mara ishirini. Anachokwepa ni kuamua.

Je, ni kosa la kimaadili? Wengine watasema daftari ni lake, hamdhulumu mtu. Mimi naona aliyesimulia maiti katika sura ya kwanza ameshatoa ahadi, na ahadi ni deni. Aliyesomewa sura hizo mezani kila Jumapili anadai jibu.

Dawa yake naichukua kazini. Anayesanifu daraja haanzi na rangi ya vyuma vya pembeni. Huuliza kwanza litabeba mzigo gani, kisha hushuka mpaka kwenye msingi. Basi andika ukurasa wa mwisho kwanza, hata kwa maneno mabovu: nani aliua, kwa nini, na kipi kilimfichua. Kisha kila sura ipewe mzigo wake mmoja. Kanuni ya Chandler pia inasaidia: alisema mwandishi atenge saa nne kwa siku, si lazima aandike, ila asifanye kitu kingine chochote. Kwetu sisi wenye shifti, saa moja katika maktaba ya Winnetka Avenue, simu imezimwa, inatosha. Ukichoka kutazama ukuta, utaandika.

Kwa njia hiyo methali zetu zinapatana. Isiyo na baraka ni haraka ya anayeandika kabla ya kuamua; inayoumiza matumbo ni ngoja ngoja ya asiyetaka kuamua kabisa. Abdulla aliendelea kuamua: kati ya 1973 na 1976 zilitoka riwaya zake nne. Mwenye daftari kabatini na aanze usiku wa leo na jina moja tu, la muuaji. Akiona kesho kwamba amekosea, atalibadilisha. Jina lililoandikwa hurekebishika.