Njia ya Mkato

Mtu akivunja sharti mahali ambapo hakuna anayemwona, wala hakuna aliyepungukiwa hata punje kwa tendo lile, je, amekosa? Swali hili ni la kale. Plato wa Uyunani alisimulia habari za mchungaji aliyeokota pete ya kumfanya asionekane, akauliza kama yuko mwadilifu ambaye angebaki mwadilifu akiwa nayo kidoleni. Nimetumikia Serikali miaka mingi katika mji wa Tunduma, na kazi ya mtumishi wa mpakani ni kuwakumbusha watu masharti. Kwa hiyo nilidhani jibu ninalo. Nikadhani hivyo hata siku niliyokimbia mbio za nyika kwa mara ya kwanza, nikiwa na umri wa miaka 52.

Mbio zenyewe zilikuwa za kilomita 15, vilimani huko Mbozi, mwezi wa Julai wakati wa kuchuma kahawa. Vijana walitoka kama swala, nami kwa kiburi cha asiyejua nikatoka nao. Mgeni wa mbio hizi hudhani kwamba adui yake ni umbali. La, adui ni kasi ya robo saa ya kwanza. Barabara ya lami humhurumia mkimbiaji, maana hatua ya kwanza na ya elfu ni zile zile. Lakini njia ya shambani kila hatua ina shauri lake: hapa mzizi, pale jiwe, mbele kijito, kisha mteremko unaoumiza magoti kuliko mpando. Kabla ya nusu ya safari nilikuwa peke yangu, natembea. Niliona haya kutembea, ingawa hapakuwa na wa kuniona. (Baadaye niliambiwa kwamba hata mabingwa hutembea penye mwinuko mkali, laiti ningalijua.)

Chini ya kilima cha mwisho nikamkuta mtoto akichunga mbuzi.

"Shikamoo babu. Wenzako wamepanda kule juu. Lakini ukipita hapa utatokea palepale."

Akanielekeza kwa fimbo kijia kilichozunguka kilima kupitia migombani. Alisema kwa huruma, bila hila yoyote. Nikapita.

Nilifika wa mwisho vilevile. Akina mama walinipigia vigelegele kuliko walivyompigia mshindi, na mwalimu mmoja akawaambia wanafunzi wake wanitazame vizuri, kwani huo ndio moyo wa kutokata tamaa. Nami nikatabasamu.

Sasa, nilimwibia nani? Sikumpita mtu, sikuchukua zawadi. Usiku ule nilijitetea kwa hoja hii nikashinda kesi, lakini usingizi haukuja. Nilimkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu, katika mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico, mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa nzima kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, giza limeingia. Kati ya watu 75 walioanza, 57 ndio waliomaliza, naye akawa wa 57. Kama angepanda gari, nani angemlaumu? Inasimuliwa kwamba alipoulizwa, alijibu kuwa nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, bali kuzimaliza. Wa mwisho hana kitu kingine cha kuonyesha ila umbali wenyewe. Akiupunguza, amebaki mtupu.

Hapa mtu wa Tunduma atanipinga, na hoja yake ina uzito. Atasema: sisi sote hapa tumepita njia za panya. Mama wa Kinyamwanga anayevuka na debe la mahindi kwenda kwa dada yake upande wa Nakonde haoni kwamba ametenda dhambi. Waingereza na Wajerumani walipoandikiana mkataba mwaka 1890, babu yake hakuulizwa mpaka upite wapi. Nakubali kwamba yule mama ana swali halali la kuiuliza sheria, ingawa kazini siwezi kumjibu hivyo. Lakini mimi, njia ile ya kilimani nani alinichorea bila kuniuliza? Niliandika jina langu kwa mkono wangu. Na makofi yale yalikuwa malipo ya kilima ambacho sikukipanda. Walioibiwa, basi, ni wale wanafunzi: walipewa sarafu ya bandia, wakaambiwa waiweke akiba. Walimu wanaosoma haya wanamjua mwanafunzi anayenakili jibu sahihi. Hakuna aliyepungukiwa alama, lakini mwalimu hudanganyika juu ya kile alichokifundisha.

Baada ya majuma mawili, siku ya Jumapili, nilirudi kulekule kwa basi, nikakipanda kilima. Nilipumzika mara tatu. Yule mtoto alikuwepo na mbuzi wake, akanitazama kwa mshangao.

"Babu, si nilikuonyesha njia?"

Nikamwambia kweli, alinionyesha. Barua kwa yule mwalimu nimekwisha kuianza mara mbili.