Nililelewa Hivyo

Siku hizi ukianza kujuana na mtu Nairobi, kabla hamjamaliza kikombe cha kwanza cha chai ashakuambia yeye ni aina gani. Mimi ni wa kukwepa, mtu akinikaribia sana natoroka. Mimi ni wa wasiwasi, usipojibu meseji kufikia saa nne naanza kuaga moyoni. Wanasema kama mtu anayetaja kundi lake la damu. Halafu sauti inashuka kidogo na ile sentensi inafuata: nililelewa hivyo. Hapo maongezi huwa yamefika mwisho, maana utamjibu nini? Huwezi kumrudisha mtu kwao alelewe upya.

Nimeisikia hiyo sentensi mara nyingi, na kusema kweli nimeisema pia, mpaka nimeanza kujiuliza huwa inafanya kazi gani. Ni maelezo? Ni onyo? Ama ni msamaha unaoombwa kabla kosa halijafanyika?

Wazee wetu walituachia jibu, tena majibu mawili yanayogombana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sawa. Lakini hao hao wakasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hii ya pili tumezoea kuisikia kama tisho, mama akiwa tayari ameshavua slipa. Ukiisoma polepole, inasema darasa halikufungwa siku uliyotoka nyumbani, na inamaanisha pia kwamba malezi hayakumaliza kazi.

Hizi aina zenyewe, za kukwepa na za wasiwasi, nilidhani zimetoka kwa simu. Kumbe zilianzia hapa jirani. Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akimfuata mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti kule Makerere. Alikuwa ametoka kufanya kazi London na John Bowlby, daktari aliyeshikilia kwamba mtoto anamhitaji mtu wake wa karibu jinsi anavyohitaji chakula. Ainsworth alikuwa amesikia kwamba kwa desturi ya Waganda, mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa nyanya yake akalisahau, akaona hiyo ni nafasi ya kutazama mtoto akitenganishwa na mamake. Alipofika vijijini akakuta wengi walishaiacha hiyo desturi. Hakuondoka. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiwatembelea akina mama 26 na watoto wao 28, akiketi nao sebuleni mchana na kuandika alichoona.

Katika wale 28, aliwahesabu 16 kuwa waliotulia kwa mama zao, 7 wasiotulia, na 5 ambao hawakuwa bado wameonyesha kumshika mama kuliko mtu mwingine. Idadi hizo mimi si kitu sana. Kilichonikaa ni jambo lingine aliloligundua: watoto waliotulia wengi walikuwa na mama aliyeweza kuzungumza juu yao kwa undani. Ukimuuliza habari za mtoto, anakupa vitu vidogo vidogo, analala vipi, anacheka nini, jana alishika nini. Mama mwingine angejibu kwa mkato kisha ageukie stori zingine. Kwa lugha yangu, mtoto alikuwa anajua kwamba kuna mtu ana habari zake.

Baadaye Ainsworth alihamia Baltimore, Marekani, na huko ndiko kulikotoka jaribio ambalo wanafunzi wa saikolojia hulijua. Mtoto wa karibu mwaka mmoja anaingizwa na mama kwa chumba chenye vitu vya kuchezea. Mtu mgeni anaingia. Mama anatoka dakika chache, kisha anarudi. Watafiti hawahangaiki sana na kilio cha mama akitoka. Wanaangalia anaporudi, kama mtoto anamkimbilia na kutulia, anamng'ang'ania huku akimsukuma, au anajifanya hajamwona. Mwaka wa 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakachukua makundi hayo matatu wakayafanya kuwa maswali ya mapenzi ya watu wazima, wakayachapisha katika gazeti moja la Denver, wasomaji wakajichagulia. Zaidi ya nusu walijiona watulivu, karibu robo wakepaji, waliobaki wenye wasiwasi.

Kwa hivyo yule mse anayekuambia yeye ni mkwepaji ameshika kipimo kilichoanzia sebuleni kwa mama wa Kiganda, kikapitia chumba cha Baltimore na gazeti la Denver, ndipo kikatua kwa simu yake pale Umoja. Njiani kiliacha tahadhari zake zote. Watafiti waliowafuata watoto hadi utu uzima wamekuta kwamba uhusiano kati ya mtoto yule na mpenzi huyu upo, lakini ni mwembamba. Watu hubadilika. Kwa simu hakuna mtu anayebadilika, kuna aina tu. Naelewa kwa nini tunazipenda lakini. Kikao kimoja na mshauri kinaweza kula pesa yangu ya chakula ya wiki mbili, na kujipa aina ni bure.

Mimi ni Mkisii, na kwetu kipimo hiki kiliwahi kupata shida. Robert LeVine alifika Gusii kwa mara ya kwanza miaka ya 1950, akarudi miaka ya 1970 akiwa na wenzake, na kitabu chao cha 1994 kinawaeleza akina mama ambao kwa macho ya Mmarekani wangeonekana baridi. Walimbeba mtoto, walilala naye, akilia wanamnyonyesha upesi. Lakini hawakumwangalia sana machoni wala kumsemesha, na akianza kuchangamka mno waligeuza uso apoe. Kumtuliza na kumlinda ndiyo ilikuwa kazi. Mazungumzo na michezo aliyapata kwa omoreri, yule dada mdogo aliyepewa kumbeba. Na watafiti wengine walipopeleka lile jaribio la chumba kwa watoto wa Kisii, walikuta jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka: mama akirudi, mtoto wa Kisii alinyoosha mkono asalimiwe, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Mtu wa Baltimore asiyejua angeandika mtoto huyu hamtaki mama. Kumbe mtoto ameshasema yote kwa kiganja.

Halafu kuna chinsoni, heshima yenye haya kati ya mzazi na mwanawe. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kuna maneno ambayo hayatamkwi mkiwa naye. Ukitaka utani, ukitaka kuulizwa una kijana gani, nenda kwa magokoro, nyanya yako, yeye anaruhusiwa. Kwa hivyo nikisikia kijana wa kwetu akisema wazazi wake hawakuwahi kumwambia nakupenda, namwamini, ila nataka kumuuliza aliangalia wapi. (Na ieleweke kwamba kwa Kikisii mama ndiye anaitwa baba, na baba ni tata. Ukitulea kwa mchanganyiko huo halafu ututafsiri kwa jaribio la Denver, usishangae ukipotea.)

Sasa nisije nikaonekana nasema kila kimya ni upendo. Hapana. Watu wengine walilelewa kwa kipigo, wengine kwa kusahauliwa, na hakuna desturi ya kufunika hilo. Ila hata umbali wa kawaida wa baba zetu ulikuwa na chanzo, na chanzo chenyewe hakikuwa tabia. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi iliyotakiwa kulipwa kwa pesa, na pesa zilikuwa kwa mashamba ya walowezi na mjini. Nairobi makao mengi ya wafanyakazi Waafrika yalijengwa kwa hesabu ya kitanda cha mwanamume mmoja. Mke na watoto hawakuwa kwa ramani. Vizazi kadhaa vya wanaume walijifunza kupenda kwa kutuma, kwanza kupitia posta na mkononi mwa jamaa anayesafiri, kisha mwaka wa 2007 ikaja M-Pesa, na tangazo lake la kwanza lilikuwa hilo hilo, kutuma pesa nyumbani. Waliotunga walijua wanaongea na nani.

Tata alikuwa dereva wa lori, Mombasa mpaka Malaba. Nimekua nikimjua kwa simu ya mwanzo wa muhula. "Karo nimelipa. Umeona imeingia?" "Imeingia, tata." "Haya. Soma." Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu yote, sekunde kumi na tano, mara tatu kwa mwaka, na sikuwahi kuyatilia shaka. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilingoja ugomvi. Haukuja. Kilichokuja ni kwamba simu zilikatika, na ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuwa amenuna. Hakuwa na kitu cha kulipia. Njia pekee aliyokuwa nayo ya kunifikia ilipita kwa ofisi ya fedha ya chuo, na mimi nilikuwa nimetoka huko.

Miaka miwili baadaye nilikuwa na kijana, tusimtaje. Yeye Umoja, mimi Kayole. Nilishikwa na taifodi nikalala siku nne. Alinitumia elfu mbili na ujumbe: ununue matunda, pole sana. Hakuja. Nilipomuuliza alinijibu bila hasira hata kidogo kwamba hivyo ndivyo anavyojua kupenda, alipelekwa bweni akiwa darasa la nne, babake alikuwa mtu wa kutuma pesa, nililelewa hivyo. Nilimwamini. Ningewezaje kutomwamini? Alikuwa ananielezea tata.

Lakini pesa za tata zilikuwa zinavuka barabara ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuivuka, maana akiacha lori siku moja hakuna cha kutuma. Zilibeba umbali ndani yake. Za huyu zilitoka Umoja zikafika Kayole, safari ya matatu moja, jioni ambayo hakuwa na kazi. Ni tendo lile lile, hata kiasi labda ni kile kile, lakini sababu yake ilikufa zamani na desturi ikabaki inatembea peke yake. Sidhani alirithi ubaridi. Alirithi suluhisho la shida ambayo hana.

Hapa ndipo ile sentensi hunikwaza. Ukiniambia ulilelewa hivyo ukiwa unanieleza, nakusikiliza hadi usiku. Ila mara nyingi inasemwa ili mimi niache kuhitaji. Kwamba kwa kuwa sasa najua mkwamo ulipo, nizunguke mimi, leo na kesho na mwaka ujao. Yaani aliyelelewa ni yeye, anayegharamika ni mimi. Na mimi pia nina kwetu. Mimi ni mtoto wa kungoja, naweza kungoja simu siku tatu nikauita huo utulivu, na nyinyi mnaopenda aina mtanipa jina. Watu wawili wakiketi kila mmoja ameinua malezi yake kama kitambulisho, ni nani atatoka kununua maji?

Kuna pingamizi ambalo rafiki yangu hunipa, naye alilelewa na mjomba mkali mwenye mkono mwepesi. Anasema mimi naongea kama mtu aliyepata malezi ya kubahatika. Mtu akiinua sauti karibu naye, mwili wake unashtuka kabla hajafikiri, na mpenzi wake akimlaumu kwa hilo anamlaumu kwa jambo ambalo hakulichagua. Nakubaliana naye kabisa. Kushtuka hakuna mwenye kosa, isipokuwa mjomba. Lakini baada ya kushtuka kuna jioni nzima imebaki. Yeye mwenyewe huwa anarudi, akishatulia, anamwambia jamaa wake, ile saa nilienda mbali, sasa nimerudi. Hajapona. Anatoa habari zake tu, na jamaa anazipokea, na siku inayofuata jamaa anapunguza sauti. Hakuna kati yao aliyesema nililelewa hivyo kisha akalala.

Na kumlaumu tata nimeshindwa, ingawa najua watu wa rika langu ambao wangenishauri nimkate nilinde amani yangu. Yeye alipewa njia moja na aliitumia mpaka ikachakaa. Sisi tumepewa maneno mengi, mpaka tuna maneno ya kueleza kwa nini hatufanyi, na hiyo inatuongezea deni.

Tata ameacha lori sasa, yuko nyumbani, anahangaika na ndizi. Amerudi kupiga simu, Jumapili jioni. Kwa muda tulikuwa tunapitia vile vile. "Umekula?" "Nimekula." "Haya." Juzi, badala ya kuishia hapo, nilimwambia nimekula ugali na chinsaga. Kimya kidogo. Nikadhani laini imekatika.

"Chinsaga hapo Nairobi umepata wapi?"

Nikamwambia kuna mama wa kwetu anauza pale stejini. Akauliza ni wa upande gani. Nikamwambia Nyamache. Akauliza fungu ni pesa ngapi.

"Thelathini."

"Thelathini?" akasema. "Na inakuwa chungu ama wanachemsha na maziwa?"