Utii ni Deni la Nani?

Migori haina makaa ya mawe, wala Homa Bay. Nyatike ina dhahabu na shaba, Awendo ina miwa, ziwa lina omena na mbuta. Makaa ya mawe ya Kenya yamelala Kitui, katika bonde la Mui, na mtambo wa kuyachoma ulikuwa ujengwe Lamu, ncha ya pili ya nchi. Kwa hiyo mvuvi wa Karungu akisikia kwamba kuna watu wametiwa korokoroni kwa sababu ya kupinga makaa ya mawe, ana haki ya kuuliza: mimi yananihusu nini? Wengi hulipuuza swali hilo kama la mtu asiyesoma magazeti. Mimi naliona gumu kuliko mengine yote yanayoulizwa kuhusu kuasi kwa amani, na sitalijibu kabla ya kupitia Lamu.

Mnamo Septemba 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Bomba lake la moshi lingepanda mita 210 angani, jirani na mji mkongwe ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Makaa yenyewe yangeanza kuja kwa meli kutoka Afrika Kusini. Na wakati huo Kenya nzima, saa ya jioni ambapo kila nyumba imewasha taa, haikuwa ikifikisha matumizi ya megawati 2,000, tena sehemu kubwa ya umeme huo ilitoka kwenye mvuke wa ardhini na mabwawa. Kwa nini nchi ya namna hiyo itake mtambo wa namna ile ni jambo la wanasiasa na wakandarasi. Hapa linatosha kutajwa.

Wenyeji waliojipanga chini ya muungano wa Save Lamu walikwenda mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Wengine wakaingia barabarani, Lamu na Nairobi, chini ya kampeni iliyoitwa deCOALonize. Mwaka 2018 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu wanaharakati wa Lamu waliotishwa, waliopigwa na waliokamatwa kwa kuuliza maswali juu ya miradi mikubwa ya kule, mtambo huu ukiwamo. Waliitwa wachochezi, wapinga maendeleo, hata maadui wa usalama. Kisha tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaifuta leseni. Lilisema mikutano iliyofanywa na wananchi ilikuwa ya kutambulishana tu, kabla ripoti ya athari za mazingira haijakamilika; ripoti ilipokuwa tayari, watu hawakuketishwa wakaelezwa kilichomo. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa.

Sasa, katika hadithi hiyo, mwasi ni nani?

Tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri kwa mtoto anayekwenda kuogelea penye mamba. Lakini tunapoihamisha kutoka nyumbani hadi serikalini tunasahau kwamba mkuu wa serikali naye ana mkuu wake. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42, na katika Kifungu cha 37 haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mama wa Lamu aliyeshika bango hakuwa amevunja lolote kati ya hayo. Aliyevunja ni ofisi iliyotia muhuri leseni kabla ya kuwauliza wenyewe. Ofisi ile iliasi kimya kimya, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na hakuna askari aliyetumwa kuikamata.

Kwa hiyo Lamu inatufundisha jambo moja dogo lakini la lazima: mara nyingi kinachoitwa uasi katika nchi yetu ni utii wa mtu wa chini kwa sheria ambayo wa juu wameikiuka. Utii ni deni, sawa, ila mdai na mdaiwa tumewachanganya. Serikali ndiyo inayotangulia kuwa na deni: kuuliza, kueleza, kusikiliza. Ikilipa deni hilo ndipo nami nadaiwa utii, hata kwa uamuzi nisioupenda. Isipolipa, inanidai kwa risiti gani?

Hoja hii ina nguvu, lakini isituleweshe. Inafaa pale tu sheria ilipo upande wa mwandamanaji. Je, sheria ikiwa upande wa makaa? Ujerumani, tangu 2015, vijana wa kundi la Ende Gelände wamekuwa wakivaa ovaroli nyeupe na kuteremka kwa maelfu ndani ya mashimo ya makaa, hadi mitambo ikazimwa. Januari 2023 polisi waliwaondoa kwa nguvu waliojifungia katika kijiji cha Lützerath ili kisibomolewe kwa ajili ya kupanua mgodi. Mgodi ule ulikuwa na vibali, na mahakama zilikuwa zimeukubalia. Pale hakuna kujificha nyuma ya katiba: ukivuka ua umevunja sheria, na unajua umevunja.

Wanafalsafa wa Magharibi wana jibu la kawaida kwa mtu wa namna hiyo. Henry David Thoreau alilala jela usiku mmoja mwaka 1846 kwa kukataa kulipa kodi ya nchi iliyokuwa ikimiliki watumwa na kupigana na Mexico. John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu haki, alisema anayeasi kwa amani hufanya hivyo hadharani, kwa dhamira, na huwa tayari kupokea adhabu, ili aonyeshe kwamba bado anaiheshimu sheria kwa jumla. Adhabu ndiyo cheti cha unyofu wake. Mwizi hukimbia, mwasi hungoja pingu.

Ni hoja safi, na niliwahi kuifundisha bila wasiwasi. Lakini ichukue uende nayo Homa Bay. Tarehe 7 Juni 2025 polisi walifika nyumbani kwa wazazi wa mwalimu Albert Ojwang, katika kaunti hiyo, wakamkamata kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa mtandaoni kuhusu naibu mkuu wa polisi. Hakupigana nao, hakukimbia. Alisafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Kwanza polisi walisema alijigonga kichwa ukutani; uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo, na maafisa wa polisi ni miongoni mwa watu waliofikishwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji. Kumbe kukubali adhabu kunamaanisha kitu pale tu adhabu yenyewe ina mipaka: hakimu, siku zinazohesabika, mlango unaofunguliwa asubuhi. Thoreau alitoka. Rawls mwenyewe alisema anazungumzia jamii inayokaribia kuwa ya haki; wasomaji wake wa huku mara nyingi wanairuka sentensi hiyo. Pasipo na hakika ya kutoka, kumtaka mwandamanaji ajitoe kwa pingu ili athibitishe unyofu ni kumtoza bei ambayo hakuna mwanafalsafa wa Harvard aliyewahi kuilipa. Nasema hivi: Kenya, kuwapo hadharani kunatosha. Mtu akionyesha uso wake na kutaja sababu yake, ameshatoa cheti chake. Hana wajibu wa kungoja Land Cruiser ya polisi.

Lakini hadharani, hapo sisogei. Na hapa ndipo Migori inapokuwa na la kusema ambalo Lamu haina.

Macalder, Nyatike, palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu tangu enzi ya mkoloni. Katika miaka ya 1950 maporomoko ya Gogo kwenye Mto Kuja yalifungwa kituo cha umeme cha megawati 2, si kwa ajili ya vijiji, bali kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ukafungwa mwaka 1966. Umeme ulibaki, mashimo yakabaki, na wajukuu wa waliochimba kwa mshahara sasa wanachimba kwa bahati. Ukifika pale vinu vinaposaga mawe utamkuta mtu, mara nyingi mwanamke, ameinama juu ya karai lenye tope la kijivu. Anamimina zebaki kidogo, anakoroga kwa mkono mtupu, anakamua kwa kitambaa mpaka kibaki kidonge kama punje ya hindi. Kidonge kinawekwa juu ya jiko la makaa, zebaki inapaa moshi, dhahabu inabaki. Moshi haurudi kwenye karai. Maji ya karai yanafuata mkondo, na mkondo unafuata ziwa.

Kabla ya Sheria ya Madini ya 2016 kuwatambua wachimbaji wadogo, wengi wa watu hawa walikuwa wahalifu kisheria, na bado wapo wasio na kibali. Je, nao ni waasi? Wamevunja sheria, wameonewa na historia, na umaskini wao ni wa kweli kuliko hasira za vijana wengi wa Nairobi. Namhurumia yule mama wa karai kuliko ninavyomhurumia mwandamanaji yeyote. Hata hivyo siwezi kumweka kundi moja na yule wa Lamu. Kuvunja sheria ili upate unga si sawa na kuvunja sheria ili watu wabishane. Mchimbaji anataka sheria isimwone. Mwandamanaji anataka imwone yeye na ione pia kilichomleta. Mmoja anaomba njia ya kupita, mwingine anaomba mkutano. Na tatizo la njia ya kupita ni kwamba anayekunywa maji upande wa chini hakuulizwa. Mvuvi anayekula samaki wa mdomo wa Kuja hakutoa ridhaa yake, kama watu wa Lamu ambavyo hawakutoa yao. Ukilaani muhuri wa NEMA kule, huwezi kulifumbia macho karai huku kwa sababu tu mwenye karai ni shemeji yako.

Kwa hiyo ridhaa, si sheria, ndiyo mzizi wa jambo hili. Na ukiifuata ridhaa mpaka mwisho inakurudisha kwa mvuvi wa Karungu na swali lake. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita hata kiwango cha 1964. Nyumba, mashamba na madau vikaingia majini pande zote, na katika Nyatike ya chini watu wameshazoea Kuja inapowafukuza kwao. Mvua zile hazikuletwa na bomba moja la moshi, na mwanasayansi mwaminifu hatakuambia kwamba mtambo fulani ulibomoa nyumba fulani. Lakini joto la dunia linazidisha mvua za aina hiyo, na makaa ya mawe ndiyo yanayolikoleza joto hilo kuliko kuni yoyote nyingine. Katika miaka yote ambayo mitambo imejengwa Ulaya, China na Marekani, hakuna aliyekuja Nyatike kufanya mkutano wa ushirikishwaji wa umma. Na hawezi kuja. Sheria za nchi nyingi humuuliza jirani wa ua. Jirani wa hewa hana kiti.

Hapo ndipo kuasi kunapopata kazi yake halali. Ni kiti cha asiyekuwa na kiti. Vijana wa ovaroli nyeupe, wapende wasipende, walikuwa wamesimama pia mahali pa mtu wa Nyatike ambaye hajawahi kuwasikia. Sisemi walimwomba ruhusa. Hawakumwomba, na hilo nalo ni kasoro. Kusemewa bila kuulizwa tunakujua vizuri huku kwetu.

Wazee wa Nyanza waliwahi kuzijaribu njia mbili za kukataa bila silaha. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alieleza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, amemmeza na kumtapika na ujumbe wa kuwakataa wazungu. Imani hiyo ikaenea hadi Nyanza Kusini, watu wakaambiwa waache kulima wangoje. Serikali ikawapiga marufuku na kuwahamisha viongozi wao. Desemba 1921 wengine, wakiongozwa na walimu, wakakutana Lundha, Gem, katika mkutano unaokumbukwa kwa jina la Piny Owacho, wakaorodhesha kinachowauma: kipande, kodi, nchi kugeuzwa koloni. Mwaka uliofuata gavana alikuja kuwasikiliza. Sitaki kuwadharau wa kwanza, maana nao walikataa bila silaha. Ila walingoja ulimwengu ubadilike wenyewe, na wa pili walimlazimisha mtu mwenye jina na cheo ajibu.

Nataja hayo kwa sababu zamu ya kuuliza inakaribia. Mtambo wa nyuklia ambao serikali ilitaka kuujenga Uyombo, Kilifi, ambako mwaka 2024 wanakijiji waliandamana wakapambana na polisi, tangu 2025 umeelekezwa Siaya, kandokando ya ziwa. Ng'ambo ya ghuba iko Mbita. Labda mtambo huo ni salama, labda ndio utakaotuepusha na makaa ya mawe kabisa. Sina chuki nao. Lakini vikao vitaitishwa Siaya kwa sababu ardhi ni ya Siaya, na maji yatakayoupoza mtambo ni yale yale wanayovua watu wa Homa Bay, na yanayofika Migori bila kuuliza mpaka wa kaunti.

Watu wa Mbita, Rusinga, Karungu na Muhuru wasingoje kualikwa. Waandike kwa NEMA sasa, kwa majina yao, wadai kuketishwa ripoti itakapokuwa tayari, si kabla na si baada ya muhuri. Wakinyimwa kiti, waende wakasimame mlangoni mwa kikao mchana kweupe. Atakayewaita waasi asomewe hukumu ya tarehe 26 Juni 2019.