Mbabula ya Bwana Yesu

Masomo: Yohana 21:1-14, Luka 15:25-32, Nehemia 8:9-12

Leo sitawahubiri juu ya vita wala juu ya njaa, ijapokuwa vyote viwili vingali katika nchi yetu. Nataka kusema juu ya samaki, na makala, na muziki wa jioni ndani ya lupango. Msicheke. Neno hili limo katika Biblia, na mimi shemasi wenu nimelichelewa kulisoma.

Fungueni Yohana sura ya 21. Bwana amekwisha kufufuka. Petro na wenzake, wote pamoja watu saba, wamerudi ziwani kuvua. Usiku mzima hawakupata hata dagaa mmoja. Asubuhi mtu anasimama ukingoni, anawaambia watupe wavu upande wa kuume, nao wanavuta samaki wakubwa 153. Sisi wahubiri tunapenda kusimama hapo, kwenye hesabu ya samaki, na kufanya ajabu. Lakini someni mstari wa 9. Walipofika nchi kavu walikuta moto wa makala umekwisha kuwashwa, na samaki juu yake, na mkate. Nani aliyewasha? Ni Bwana mwenyewe. Yule aliyeshinda kaburi aliinama akapuliza makala, akageuza samaki wasiungue. Wanaume wa huku kwetu tunasema moto ni kazi ya wamama. Basi someni tena.

Kisha anawaambia walete na samaki wao waliovua. Wa kwake walikuwa tayari juu ya moto, lakini alitaka na wa kwao. Huo ndio utaratibu wa lupango tunaoujua: mmoja ana unga, mwingine makala, mwingine mafuta kidogo ndani ya chupa, na yule asiye na kitu analeta maji. Wakala. Ni baada ya kula tu Bwana alimwuliza Petro lile swali gumu mara tatu. Hakumwuliza na tumbo tupu.

Tena nimeona jambo jingine. Katika Injili hii ya Yohana moto wa makala unatajwa mara mbili tu. Mara ya pili ni hii ya ziwani. Mara ya kwanza ni sura ya 18, mstari wa 18, katika ua wa kuhani mkuu, usiku wa baridi. Hapo Petro alikuwa akiota moto, na hapo alimkana Bwana wake. Mbabula mbili, ndugu zangu. Kwenye ya kwanza alisema hamjui mtu huyu. Kwenye ya pili mtu huyu alimpa samaki.

Sasa nawaeleza kwa nini maneno haya yananichoma.

Nilikuwa na rafiki wa utoto hapa Lubumbashi, lupango yao na yetu mlango kwa mlango. Mwaka 1990, alipokufa Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa mkubwa wa Katanga, sisi tulikuwa vitoto, lakini wazazi wetu walimlilia kama ndugu. Baba ya rafiki yangu alijua kuchapa gitaa kwa vidole namna ileile ya zamani, kidole gumba kikitembea peke yake chini na vingine vikijibu juu. Sisi tulitengeneza magitaa yetu kwa kopo la mafuta, ubao na waya wa breki ya baiskeli. Mimi sikujua kupiga. Yeye alijua. Alipokua akapata kazi mgodini na akanunua gitaa la kweli, na kila Jumamosi jioni alitoa mbabula chini ya muembe wao. Mke wake alisonga bukari, yeye alichoma samaki, majirani wakaja na viti vyao. Waliimba nyimbo za zamani. Hapakuwa ugomvi. Lakini yeye alikunywa pombe, chupa moja au mbili, sitaficha.

Mimi nilifanywa shemasi mwaka 2011. Amri zetu mnazijua: pombe hapana, tumbako hapana, machezo ya ngoma hapana. Nazishika mpaka leo na sitaki mtu asome karatasi hii na kusema shemasi amezilegeza. Lakini mimi niliongeza amri yangu mwenyewe ambayo hakuna aliyenipa: nisionekane tena chini ya muembe ule. Alinialika. Nikasema, nina mkutano kanisani. Akanialika tena. Nikasema vilevile. Mara ya tatu alikuja kwenye uzio wetu, akaniambia taratibu: «Tata shemasi, hata bukari tu? Pombe tutaiweka mu nyumba. Weye kuya tukule.» Mtu yule alikuwa tayari kuficha chupa yake ndani ya nyumba yake mwenyewe kusudi mimi niketi. Nikamjibu: «Nina mkutano.»

Hapakuwa mkutano. Niliingia ndani, umeme ulikuwa umekatika, nikala bukari ya baridi ya mchana gizani, nikisikia gitaa kupita juu ya ukuta.

Katika Luka 15 yule kijana mkubwa alikuwa anatoka shamba. Alipokaribia nyumbani alisikia nyimbo na machezo. (Neno machezo limo, siwezi kulifuta, na msinirukie juu yake, wazo langu leo ni mlango.) Hakuingia. Baba yake akatoka nje kumsihi. Ndugu, kijana huyu hakuwa mlevi wala mzinzi. Hakuvunja amri hata moja, mwenyewe anasema. Na mfano unakwisha yeye akiwa bado nje. Bwana Yesu hakutuambia kama aliingia au hakuingia. Mimi nilisoma sura hii mara nyingi na kila mara nilijiona ndani ya nyumba.

Rafiki yangu alikufa mwaka 2019, mwezi wa sita, wakati wa baridi, kwa ugonjwa wa siku chache. Tukaenda kwenye kilio. Mnajua kilio cha kwetu: watu wanalala nje, moto hauzimiki, wamama wanapika kwa watu mia. Mbabula yake ilikuwa pale pale chini ya muembe. Usiku wa pili mjane wake akaniletea sahani ya bukari na samaki, kwa magoti, kwa heshima ya kazi yangu. Nikaipokea. Nikaanza kula. Binti wao, alikuwa na miaka 12, alikuwa akipitisha maji ya kunawa. Akasimama mbele yangu akaniangalia, akauliza bila hasira yoyote: «Baba shemasi, leo hauna na mukutano?»

Kula kulinishinda.

Wababa na wamama, tuseme kweli. Mtu akifa tunapata nafasi. Tunapata unga, tunapata makala, tunapata siku tatu za kuketi naye. Akiwa hai tuna mkutano. Mimi nilikula bukari ya rafiki yangu alipokuwa ndani ya sanduku, na nilikuwa nimeikataa alipokuwa akinishika mkono.

Kanisa letu linasimama juu ya maneno matatu, nayo watoto wa shule ya Jumapili wanayasema bila kitabu: Mapendo, Amri, Kazi. Angalieni lipi lilitangulia. Mimi nilishika la pili kwa mikono miwili, na la kwanza likaanguka. Tena mji huu wetu ungepaswa kunifundisha. Baba Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akaletwa hapa, Elisabethville ya zamani, akafa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka thelathini bila kuketi kwenye moto wa nyumba yake na mama Marie Muilu na watoto wao watatu. Mimi nilikuwa huru, mita kumi toka moto wa rafiki, na nikakataa.

Kisha kilio nilikwenda kwa mjane, nikaomba msamaha. Hakusema mengi. Nilimwuliza kama tungeweza kuwasha mbabula chini ya muembe tena, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa amri za kanisa. Akasema: «Makala iko ghali, tata.» Nikaleta makala.

Basi sasa wengine katika parokia wananung'unika kwamba shemasi amefungua nganda. Nawajibu hapa kwa wazi, kusudi tusisengenyane. Tunachokunywa ni munkoyo, na mke wangu ndiye anaupika. Wamama wa Katanga wanajua, lakini niwaeleze vijana wanaonunua vinywaji vya chupa kila siku. Unapika uji wa unga wa mahindi, unaungoja upoe mpaka uwe vuguvugu, ndipo unaweka mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Ukiuweka uji ungali moto sana, mzizi unakufa na uji unabaki mzito kama ulivyokuwa. Ukingoja vizuri, uji unalegea wenyewe na kuwa mtamu bila sukari. Unaulaza usiku mmoja, unachuja, unakunywa. Lakini ukiuacha siku nyingi unakuwa pombe kweli kweli, na mtu asinidanganye kwamba ni munkoyo tu! Kwetu unanywewa siku ileile, na unaobaki unamwagwa. Nehemia aliwaambia watu waliokuwa wakilia wale kilichonona na kunywa kitamu, na wapelekewe sehemu wale wasiotayarishiwa kitu. Niliposoma kitamu nilifikiri munkoyo. Mungu anisamehe kama nimekosa.

Hiyo sehemu ya kupelekwa ndiyo ngumu. Ni rahisi kushangilia na rafiki zako na kufunga mlango. Nabii Amosi, sura ya 6, aliwakemea watu waliokula wana-kondoo na kuimba kwa vinanda, na hawakuumia hata kidogo kwa kuvunjika kwa Yosefu. Nyimbo zilikuwepo na nyama ilikuwepo, ila mlango wa pembeni kulikuwa mtu anayelia. Kwa hiyo mbabula yetu ina sahani mbili zinazotoka kabla hatujaketi: moja kwa mzee mmoja kipofu nyuma ya barabara, nyingine kwa yeyote tuliyesikia ana mgonjwa. Mara nyingine baada ya sahani hizo vinabaki sombe na vinkubala tu. Tunakula hivyo. Na hatukopi deni kwa kujionyesha. Siku isiyo na samaki hatujidai kuwa na samaki.

Juu ya muziki pia nimeulizwa. Vijana wa fanfari wanakuja na filimbi zao, na mtoto mkubwa wa marehemu anachapa gitaa la baba yake. Wanaimba nyimbo za kanisa, na pengine wimbo wa zamani wa kazi au wa safari usio na maneno machafu. Je, ni dhambi? Mnajua orkestra ya simfonia ya kanisa letu kule Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994. Mwanzoni watu walikuwa wengi kuliko violini, wakapokezana, na uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Niliposikia hivyo nilikumbuka kopo letu la mafuta. Leo orkestra ile imepiga hata Ulaya, nasi tunajivuna. Ila mtoto wa jirani akipiga waya uleule kwenye lupango tunasema ni uhuni. Mimi sielewi tofauti. Tunamaliza kabla ya saa mbili usiku, juu ya majirani wanaotaka kulala, na vijana wanasindikiza wadada mpaka mlangoni.

Mjane haji kanisani kwetu. Yeye ni wa kanisa lingine na sijamwomba abadilishe. Wengine wanaoketi pale bado wanakunywa pombe kwao. Pale hawainywi, kama vile rafiki yangu alivyotaka kuificha kwa ajili yangu. Sihesabu samaki wa wavu. Nimewaambia wazee wa parokia kwamba kama wanaona nimekosa waje Jumamosi waone kwa macho, na walete unga.

Yule binti amekuwa mkubwa sasa. Kwa muda mrefu alinipa maji ya kunawa bila neno, nami sikuwa na neno la kumpa. Mwezi uliopita nilifika mapema, makala ilikuwa mbichi na moshi mwingi, na yeye alikuwa peke yake akisafisha samaki. Nikamwambia: «Mwanangu, siku zile sikuwa na mkutano. Nilimdanganya baba yako.» Akaendelea kukwaruza magamba. Kisha akasema: «Tulijua, tata. Naye alijua.» Akaniinulia kipande cha katoni kwa mkono uliojaa magamba, nikachuchumaa, nikaanza kupepea.

Shemasi wenu, Katuba, Lubumbashi