Je, Mwenye Maradhi ya Hofu ni Mwombaji?

Kuna suala ambalo huletwa mara kwa mara katika darsa, nalo ni hili: mtu ana macho, mikono na miguu mizima, ila moyo wake umeshikwa na hofu kali hata hawezi kutoka nyumbani, wala kulala, wala kufanya kazi. Je, yafaa aende kutaka fedha za serikali zilizowekwa kwa ajili ya wasiojiweza?

Wengi wetu hujibu upesi kwamba haifai. Wasema huyo ni mvivu, au ana wasiwasi wa Shetani. Na aswali, asome nyiradi, aache kujidhalilisha. Sisi twaona jibu hilo lina haraka, na haraka haina baraka.

Kwanza tuitazame sheria ya nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, haikuueleza ulemavu kwa kuhesabu viungo. Imetia ndani yake upungufu wa mwili, wa hisi, wa akili na wa nafsi, na maradhi pia, ikiwa yamzuia mtu, kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu, kufanya shughuli zake za kila siku. Na kifungu cha 43 chaipasa Serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Basi hiyo si sadaka ya mtu kwa mtu. Ni haki itokayo katika mali ya wote. Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba milangoni, akaamuru atengewe fungu katika Baitul-Mali. Hakumwambia kuwa kuomba ni aibu. Aliona aibu ni ya waliomwacha akaomba.

Wala dini yetu haikudharau maumivu ya moyo. Nabii Yaaqub alipofuka kwa huzuni, naye alikuwa Mtume. Na wenye kumkabili adui waliruhusiwa sala ya hofu. Nani basi atasema hofu si kitu?

Lakini haki iliyoandikwa si haki iliyofika mkononi. Tuchukue mfano wa Biliqo, mji mdogo wa ndugu zetu Waborana, upande wa Merti katika Isiolo, nchi ya mto Ewaso Nyiro. Watu wake ni wafugaji. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana huko kaskazini misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Natumkadirie mtu wa huko aliyeingiwa na maradhi haya. Yampasa kwanza akaguliwe na madaktari katika hospitali ya serikali, kisha aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Sisi wa Mombasa tuna Port Reitz karibu. Yeye ana njia ndefu ya vumbi hadi mjini Isiolo, na maradhi yenyewe ndiyo yanayomkataza kupanda gari na kukaa kati ya watu! Na hata akipata kadi, huenda asipate fedha. Mpango ulioanza mwaka 2011 hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, nao umewekewa maskini wenye ulemavu mkubwa, wahitajio mlezi daima.

Hapa ndipo linapokuja suala la ukweli. Watu wa Biliqo husalimiana kwa neno *nagaa*, yaani amani, na jibu lake ni amani vilevile. Kwetu ni hujambo na sijambo, hata kwa aliye kitandani. Mtu huyu akiulizwa na daktari, adabu yake humjibia: sijambo, alhamdulillahi. Daktari huandika alilosikia. Akijikaza akaeleza usiku wake ulio mbaya kuliko yote, nafsi humsuta kwamba ametia chumvi.

Sisi twasema: salamu ni adabu, na ushahidi ni amana. Aeleze siku mbaya zilivyo, na aeleze ni ngapi katika mwezi. Na siku njema asizifiche. Akizidisha, amemnyang'anya fungu aliye mhitaji zaidi. Akipunguza kwa kuona haya, amewanyang'anya watoto wake, na maneno yake hayakuwa ya kweli vilevile. Wala asidhani amevunja subira. Subira huvunjwa na kumnung'unikia Mola. Haivunjwi na kumweleza tabibu.

Na sisi majirani tuna fungu letu. Maradhi yasiyoonekana hayana shahidi ila waliokaa karibu nayo. Ikiwa twajua kwamba fulani ameacha jamaa msikitini tangu miezi, na mkewe ndiye aendaye sokoni, kisha tukaulizwa tukasema kwamba ni mzima, tumelitia ulimini lile tulilolikana kwa macho yetu. Afadhali mmoja wetu afuatane naye hospitalini, amshike mkono garini, aseme alichokiona bila kuongeza wala kupunguza. Hilo halitaki elimu kubwa wala mali. Lataka mtu aache kucheka.

Mwenye mguu uliokatika hatuambii auonyeshe kila siku ili tumsadiki. Kwa nini basi mwenye moyo uliovunjika tumtake kila siku authibitishe?